Jeraniamu au impeshensi? Kwa aliyehama Nakuru kwenda Kisumu

Dada uliyehamia Milimani, Kisumu, na jeraniamu zako, swali lako nimeliona: zinanyauka ingawa unazimwagilia asubuhi na jioni, na jirani anakushauri uzing'oe upande ua jingine, impeshensi. Mimi nauza miche huku Nakuru, upande wa Lanet, na wifi yangu anaishi Mamboleo, kwa hiyo mimea ninayoiotesha huku naiona pia ikihangaika au ikistawi huko kwenu. Jirani hajakosea sana. Lakini using'oe kitu kabla hujajua kinachoziua, na hiyo "asubuhi na jioni" yako ndiyo inayonitia wasiwasi.

Kwa sababu maua haya mawili huuzwa pamoja, watu huyatunza namna moja. Jeraniamu hizi za vyungu asili yake ni Afrika Kusini. Shina lake nene linaweka maji, na mizizi yake inataka udongo unaokauka kidogo kabla ya kunyweshwa tena. Impeshensi ni ya huku kwetu Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Waingereza waliipata Zanzibar, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker, wa bustani ya Kew huko London, akaiita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani. Ukiingia Msitu wa Kakamega utawakuta jamaa zake wa porini wamejipanga kando ya vijito, chini ya miti mikubwa, jua likiwafikia kwa madoadoa tu. Hapo umeshaelewa nusu ya utunzaji wake.

Impeshensi ikiwa na kiu haikufichi. Saa saba mchana imelala juu ya chungu kama nguo iliyolowa. Ipe maji, na kabla ya magharibi imesimama. Jeraniamu ina tabia nyingine. Ukiizidishia maji, majani ya chini yanakuwa njano moja moja, kisha mmea unalegea, na mwenyewe akiona umelegea anaongeza maji. Nimeona nyingi zikifa kwa huruma ya namna hiyo kuliko kwa ukame. Kabla hujamwaga tone jingine, chomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, rudisha mkebe wako chini. Kisha inama uangalie shina pale linapoingia udongoni. Kama limekuwa jeusi linalong'aa, laini ukilibonyeza, na weusi unapanda juu, huo ni uozo unaoanzia kwenye mizizi na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Kilichobaki ni kuokoa ncha ambazo bado ni kijani na ngumu.

Kuna jambo la pili ambalo huwa halitajwi sana. Udongo ulioujaza kwenye vyungu umeuchota wapi? Kama ni pale palipokuwa na nyanya, biringanya au viazi vilivyonyauka ghafla, basi jua kwamba bakteria yule yule wa mnyauko huishambulia jeraniamu. Si mchezo: mwaka 2003 vipandikizi vya jeraniamu kutoka Kenya vilikutwa Marekani vikiwa na bakteria huyo, na mimea mingi ikaharibiwa huko kwa kuhofia mashamba ya viazi. Wakulima wa viazi wa huku Molo wana kipimo chao cha nyumbani. Wanakata kipande cha shina karibu na udongo, wanakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Mara nyingi, kama ni bakteria huyo, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka pale palipokatwa. Ukiuona, choma mmea, udongo usiumwage bustanini, na chungu kioshe kwa Jik. Hapo usikate hata ncha ya kupanda.

Sasa, kuhusu kuhama. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi ya kweli, na udongo wetu wa majivu ya volkano hautuamishi maji. Jeraniamu inapapenda. Mwezi wa saba majani huweza kuwa mekundu kingoni kwa sababu ya baridi, lakini haifi. Kisumu mko kama mita 1,130, usiku una joto, mvua za ziwa hupiga alasiri au jioni, kisha majani yanalala yameloa. Na udongo mweusi wa kunata wa pande za chini, kama Nyalenda na kuendelea Kano, ukishashika maji hauyaachii. Ratiba uliyotoka nayo huku haifai huko hata kidogo.

Hata maelezo ya intaneti yasomeni kwa tahadhari. Mengi yameandikwa na watu wa nchi zenye majira ya baridi kali. Jalidi, yaani umande ulioganda, ikianguka mimea hii yote miwili hufa, ndiyo maana wanaiingiza ndani kila mwaka. Kwetu hilo linawahusu watu wa Molo na kwingineko juu, ambako asubuhi moja ya jalidi inatosha kuigeuza impeshensi uji. Wakisema "jua kutwa" wanazungumzia jua lao. Kisumu jeraniamu ipe jua la asubuhi mpaka kama saa tano, kisha kivuli cha ukuta. Iweke chini ya ukingo wa paa ili mvua ya jioni isiipige, na mwagilia udongo, si majani. Majani yakiloa kila mara utaona upande wa chini vijipele vya kahawia vilivyojipanga duara. Huo ni ugonjwa uitwao kutu. Chuma majani hayo, yatupe mbali.

Mchanganyiko wa udongo huko kwenu ni rahisi kuupata: sehemu moja udongo, sehemu moja samadi iliyooza kabisa, sehemu moja makapi ya mpunga kutoka Ahero, ukiweza yaunguze kwanza yawe meusi. Huku sisi tunatumia pumisi, vile vijiwe vyepesi vya volkano. Samadi mbichi usiweke, na mbolea ya CAN usiinyunyize ukidhani unasaidia. Utapata majani makubwa na maua ya kuhesabika.

Impeshensi nayo ina ugonjwa wake. Ukungu mweupe chini ya jani, kisha majani na maua yanapukutika na kubaki vijiti. Ikifika hapo ing'oe, na usiirudishe mahali hapo msimu unaofuata. Ukitaka amani tafuta ile ya Guinea Mpya, yenye majani marefu na maua makubwa zaidi. Ukungu huo hauisumbui sana, na inavumilia jua kidogo. Bei iko juu kidogo, lakini kwa baraza yenye kivuli Kisumu mimi ningechukua hiyo bila kufikiria mara mbili.

Jeraniamu yenye harufu ya ndimu, ile inayouzwa kwa jina la kufukuza mbu, nunua kwa harufu yake tu. Ikisimama kwenye chungu haifukuzi chochote, nanyi mko kando ya ziwa. Laleni ndani ya neti.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Baraza ijae impeshensi. Dirisha la mashariki libaki na jeraniamu mbili tatu. Zile zinazonyauka, kama kipimo cha glasi hakikuonyesha uzi mweupe, kata ncha zenye afya, urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo cha shina, pale jani linapotokea, kwa kisu safi. Toa majani ya chini, ziache kivulini mpaka kesho kidonda kikauke, ndipo uzichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Usizifunike kwa nailoni, zitaoza. Ya impeshensi haina mambo mengi, inatoa mizizi hata kwenye glasi ya maji dirishani.

Halafu tuwekee picha hapa. Si ya maua. Piga shina, pale linapokutana na udongo, na upande wa chini wa jani moja.