Umeelekezwa kwenye kikundi cha lishe? Nenda, ila uliza vikao ni vingapi

Dada, umeuliza kama uende kwenye kikundi cha lishe alichokuandikia daktari wa kituo cha afya, au muda huo uutumie kutembea tu, maana "mambo ya lishe yote yamejaa mtandaoni". Nami nilisema hivyohivyo. Nilikuwa na kilo 89 kwa urefu wa sentimita 162, yaani BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) karibu 34, na ukishafika 30 unahesabiwa una unene uliokithiri. Neno hilo liliniuma kuliko presha yenyewe iliyonipeleka pale.

Nimepitia vikundi viwili. Cha kwanza nilikikimbia wiki ya tatu. Mzani ulikuwa mbele ya watu wote, mhudumu anasoma kilo kwa sauti, na aliyeongezeka anahojiwa palepale amekula nini. Wiki ya pili tu tulishabaki nusu. Cha pili kilikuwa kituo kingine: mzani nyuma ya pazia, namba inaandikwa kwenye kadi yako, basi. Hilo likague siku ya kwanza.

Tulikuwa watu 11, saa moja na nusu kila wiki, kwa wiki 12. Masomo mengi kweli nilikuwa nayajua. Nisichokijua ni mkono wangu. Kikao cha nne mtaalamu wa lishe alikuja na mafuta ya kupikia, bakuli na kijiko cha chakula, akasema kila mtu amimine kama anavyomimina jikoni kwake. Nikamimina kwa raha zangu, kwani mimi si najijua, mafuta situmii mengi! Tukapima: vijiko 7. Kijiko kimoja kina takriban kilokalori 120, piga hesabu mwenyewe. Sikuaibika sana, kwa sababu mzee aliyekaa kando yangu alifikisha 9, akacheka hadi akatoa machozi. Ningeyasoma hayo kwenye simu ningesema wanaambiwa wengine.

Wiki ya 12 nilikuwa nimepungua kilo 5. Mume wangu akauliza, "Ndizo hizo tu?" Ndizo hizo. Kwa kawaida ukipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako, presha na sukari huanza kukaa vizuri, na kwangu asilimia 5 ni kilo 4 na nusu hivi. Dozi yangu ya presha ilipunguzwa, na aliyeipunguza ni daktari, si mimi. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mwambie daktari kabla hujapunguza wanga, usije ukaanguka na sukari ya chini.

Sasa la kuuliza kabla hujajiandikisha: vikao vingapi, na vikiisha kuna nini? Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2017, watu 1,267 waliopatikana kupitia kliniki zao za kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa kijitabu wajisomee walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.3, waliohudhuria kikundi wiki 12 kilo 4.8, na waliopewa mwaka mzima kilo 6.8. Muda ndio uliowatenganisha. Nami yamenikuta: kikundi kilipofungwa, miezi mitatu tu kilo 2 zikarudi. Mwili uliopungua hudai chakula zaidi, njaa inapanda kwelikweli, na wiki hizo ndizo unazohitaji mtu wa kukuuliza umefikia wapi. Tulimwomba yule mtaalamu atupe kikao kimoja kila mwezi, akakubali, na tuliobaki 7 bado tunakutana.

Halafu vaa nguo zilezile kila unapopima. Siku ya kwanza mimi nilipanda mzani na viatu na koti makusudi, ili wiki inayofuata nionekane nimepungua. Niliporudi kukaa nikaangalia kadi, kando ya namba kumeandikwa: "viatu, koti".