Mwaliko wa kwanza wa kuhakiki makala, na maandiko ya ruzuku juu yake: pa kuanzia

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: jarida limekualika kwa mara ya kwanza kuhakiki makala, na huku umeingizwa kwenye jopo la kupitia maandiko ya kuomba ruzuku ya utafiti. Naanza na makala. Ukiishika hiyo, ya ruzuku haitakusumbua sana, ingawa ina mitego yake.

Kabla ya kubonyeza "nakubali", soma ikisiri na ujiulize kama kuna sehemu ya kazi hiyo unayoijua kwa kina. Si lazima uijue yote. Mhariri kwa kawaida hutafuta wahakiki wawili au watatu wenye ujuzi tofauti, kila mmoja na upande wake. Kama mbinu za maabara unazijua lakini takwimu zinakupiga chenga, kubali tu, kisha mwandikie mhariri waziwazi kwamba takwimu hukuzigusa. Ukinyamaza atadhani umezikagua ukaridhika, na kosa litapita katikati yenu nyote.

Angalia pia mgongano wa maslahi: mmeandika pamoja miaka ya karibuni, mko taasisi moja, aliwahi kukusimamia, au wewe mwenyewe una muswada unaofanana na huu na unakimbizana na muda. Ukisita, mweleze mhariri aamue yeye. Kuhusu muda, uhakiki wa kwanza utengee saa nane hivi, uzigawe katika vikao viwili au vitatu vya siku tofauti. Huna nafasi? Kataa ndani ya siku mbili na upendekeze majina. Anayekataa mapema hamcheleweshi mtu. Anayekaa kimya wiki tatu ndiye anayewaweka waandishi roho juu.

Muswada ni siri. Usimpe mwenzako akusaidie bila mhariri kujua. Majarida mengi huruhusu mhakiki kushirikiana na mtu anayejifunza, ila yanataka jina lake litajwe. Kwa hiyo kwa wasio na mwaliko bado, njia ya kuingia ndiyo hiyo: mwombe msimamizi wako akuombee ruhusa mhakiki pamoja. Na usiupakie kwenye programu ya akili mnemba ili ikuandikie ripoti. Mwaka 2023 NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, iliwapiga marufuku wahakiki wake wa ruzuku kufanya hivyo, kwa sababu kupakia andiko la mtu huko ni kuvunja siri.

Sasa kusoma. Pitia mara ya kwanza bila kalamu, kisha andika sentensi moja kwa maneno yako: waandishi wanadai nini, na ushahidi wao ni upi. Sentensi hiyo ndiyo nguzo ya kazi yote. Kuanzia hapo unafuata njia moja tu, kutoka kwenye data hadi kwenye dai hilo, ukitafuta inapokatika. Ukishindwa kuiandika, basi hoja yako ya kwanza umeshaipata.

Mara ya pili anza na mbinu na majedwali, utangulizi uuache. Tazama jedwali kabla ya maelezo yake, ujiulize wewe ungehitimisha nini. Ukianza na maelezo, macho yatafuata walikoelekezwa. Mara ya tatu ndipo unapokwenda mstari kwa mstari.

Hesabu ndogo ndogo zinafichua mengi kuliko watu wanavyodhani. Fuatilia idadi ya washiriki kwanza. Mbinu zinasema walioandikishwa ni 240, Jedwali la 1 lina 212, Jedwali la 3 lina 198. Watu 42 wamekwenda wapi? Walitoka kwa usawa katika makundi yote, au kundi moja limekimbiwa?

Kisha jaribu wastani. Tuseme watu 20 wamejibu swali kwa namba kamili kati ya 1 na 5, na makala inasema wastani ni 3.47. Zidisha kwa 20, unapata 69.4. Lakini jumla ya namba kamili haiwezi kuwa na desimali: 69 kwa 20 ni 3.45, na 70 kwa 20 ni 3.50. Kwa watu 20, wastani wa 3.47 haupo. Usikimbilie kumwita mtu mwizi, maana 66 kwa 19 ni 3.47 barabara. Huenda mmoja aliruka swali na waandishi wakasahau kusema. Unachoandika ni swali: "Je, waliojibu kipengele hiki walikuwa 20?" Hesabu hii inafaa pale tu majibu ni namba kamili na watu si wengi, wakizidi mia, karibu kila wastani wa desimali mbili unawezekana.

Alama ya ± ni ya kutilia shaka kila inapotokea bila maelezo. Jedwali linaonyesha ±1.2 kwa kundi la watu 36. Kama 1.2 ni kosa sanifu (wastani wenyewe unavyoweza kuyumba), basi mkengeuko sanifu (watu wanavyotofautiana kati yao) ni 1.2 mara kipeuo cha pili cha 36, yaani 7.2. Tofauti ya alama 3 kati ya makundi inaonekana mlima ukiilinganisha na 1.2, na kichuguu ukiilinganisha na 7.2. Waulize ni ipi kati ya hizo mbili.

Mtego mwingine unawapita hata wazoefu: "Kundi lililopata mafunzo liliongezeka (p = 0.03), kundi linganishi halikuongezeka (p = 0.08), hivyo mafunzo yamefanya kazi." Hapana. Hakuna aliyelinganisha ongezeko la kundi moja na la jingine. Namba ya p huonyesha jinsi data ingekuwa ya kushangaza kama hakuna athari yoyote, na kwa mazoea ikiwa chini ya 0.05 husemwa kuna tofauti. 0.03 na 0.08 ziko pande mbili za mstari huo wa 0.05, lakini tofauti ya mabadiliko yenyewe inaweza kuwa ndogo sana. Omba ulinganisho wa moja kwa moja. Ukiukosa, hitimisho halina miguu.

Kwa mambo yaliyosahaulika kabisa, tumia orodha za ukaguzi zilizopo. CONSORT ni ya majaribio yanayogawa watu kwa bahati nasibu, STROBE yenye vipengele 22 ni ya tafiti za uchunguzi (zinazotazama bila kuingilia), PRISMA ya 2020 yenye vipengele 27 ni ya mapitio ya tafiti nyingi, na ARRIVE ni ya tafiti za wanyama. Zote hupatikana bure mtandaoni. Ila usigeuze orodha kuwa ripoti. Mwandishi akipokea vipengele 27 vyenye alama ya vema na kosa hajui kipi ndicho kinachoua makala yake.

Na usijidanganye kwamba utaona kila kitu. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya jaribio la jarida la BMJ, ambapo muswada uliwekwa udhaifu 8 kwa makusudi na kutumwa kwa wahakiki. Kwa wastani walitaja 2. Ndiyo maana napendelea mtu afuate nguzo moja hadi mwisho kuliko kuparaza kila ukurasa.

Ripoti yenyewe ianze na aya fupi ya muhtasari kwa maneno yako, ili mhariri aone umeelewa. Fuatisha hoja nzito, ukizipa namba, tatu hadi sita. Hoja ndogo ziende chini. Kila hoja nzito iwe na mahali ilipo, tatizo, kwa nini linagusa dai kuu, na kinachoweza kufanyika. Linganisha:

"Sampuli ni ndogo na uchambuzi ni dhaifu."

"Jedwali la 2: ulinganisho wa wanaume na wanawake una wanawake 11 tu, na upana wa makadirio unajumuisha athari kubwa ya pande zote mbili. Kwa hiyo sentensi ya ikisiri kwamba 'jinsia haina athari' haiungwi mkono. Waandishi ama waiondoe, au waseme kwamba data haitoshi kuamua."

Ya kwanza inamuudhi mtu bila kumsaidia. Ya pili inampa njia mbili za kutoka, na moja haihitaji hata data mpya. Zingatia hilo, kwa sababu wahakiki wapya wana homa ya kuagiza majaribio mapya. Jaribio jipya ni miezi na pesa. Liombe pale tu dai kuu haliwezi kusimama bila hilo. Mara nyingi kupunguza dai kunatosha.

Usisahihishe Kiingereza cha watu. Kama lugha inazuia kuelewa, toa mifano miwili na uishie hapo. Usiwatake warejelee kazi zako, labda iwe moja na ina sababu unayoweza kuitaja mbele ya mhariri. Na pendekezo la kukubali au kukataa lisiingie kwenye maoni ya waandishi. Lina sehemu yake. Maoni ya siri kwa mhariri yasipingane na ya waandishi: ukisifu huku na kuponda kule, mhariri anabaki na barua asiyoweza kuielezea. Sehemu ya siri ni ya shaka za maadili, picha au maandishi yanayofanana na kazi nyingine, na mipaka ya ujuzi wako.

Tuje kwenye ruzuku. Hapa hakuna matokeo ya kukagua. Unapima kama mpango utafika, na kama hautafika, pesa zitakuwa zimenunua nini.

Soma tangazo la mfadhili kabla ya andiko lolote, hasa vigezo na kipimo cha alama. NIH hutumia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora kabisa. Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, hutumia 0 hadi 5, na 5 ndiyo bora. Anayehama mfadhili bila kusoma hili anaweza kuzamisha andiko zuri kwa namba moja. Vigezo navyo hubadilika: tangu Januari 2025 NIH imevikusanya katika makundi matatu, na la tatu, linalohusu ujuzi wa timu na rasilimali, halipewi alama, unasema tu yanatosha au hayatoshi. Moja ya sababu ni kupunguza uzito wa jina kubwa la mtu au chuo.

Kisha pima namba zao. Kwa makundi mawili, uwezo wa 80% (nafasi ya kuiona athari kama kweli ipo) na kiwango cha 0.05 (mstari ule ule wa p), kuna kanuni ya mkononi: gawa 16 kwa mraba wa ukubwa wa athari, yaani tofauti ya wastani wa makundi ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu. Athari ya 0.5 inataka watu 64 kila kundi, ya 0.2 inataka 400 hivi. Andiko likisema 64, uliza 0.5 imetoka wapi. Kama chanzo ni jaribio dogo la awali, tahadhari, maana tafiti ndogo zina tabia ya kukuza athari. Halafu weka watakaoacha njiani: wakiwa 20%, 64 inakuwa 80, na makundi mawili ni 160.

Sasa fungua kalenda yao. Wanasema wataandikisha kwa miezi 9 kwenye kliniki inayoona wagonjwa 30 wanaofaa kwa mwezi. Nusu wakikubali ni 15 kwa mwezi, yaani 135. Pengo la watu 25, na andiko halina mpango wa pili. Hoja kama hiyo inaeleweka na jopo zima, hata na wasiojua ugonjwa wenyewe.

Angalia utegemezi pia. Lengo la 2 likihitaji Lengo la 1 lifanikiwe, na la 3 likihitaji la 2, kuteleza mwanzoni kunaangusha yote. Kwenye bajeti usijadili bei ya kila kitu. Tafuta shughuli isiyo na fedha na fedha isiyo na shughuli. Mchanganuzi wa data aliyewekewa miezi miwili mwanzoni, wakati data itakuja mwaka wa pili, ni kosa la kawaida mno.

Usitoe alama kabla ya kusoma maandiko yote uliyopangiwa, kwa sababu la kwanza huonewa au hupendelewa. Maneno yalingane na namba: ukiandika "udhaifu mdogo tu" na kutoa alama mbaya, mwenyekiti atakusimamisha. Kikaoni, ukiwa msomaji wa kwanza, una dakika chache: andiko linataka kufanya nini, nguvu mbili, udhaifu mmoja au miwili unaobadilisha alama. Ukiwa na maslahi kwenye andiko, toka nje ya chumba. Kukaa kimya hakutoshi.

Kwa upande wa makala, uamuzi ukitoka majarida mengi hukutumia ripoti za wahakiki wengine. Ziweke kando ya yako, uandike walichokiona wewe ukakikosa, na kiliko ndani ya makala. Baada ya makala tano au sita utaona kama unakosa takwimu, au maadili, au fasihi ya awali. Mwaliko unaofuata, anza kusoma na upande huo.