Mgeni kwenye ulinzi wa bwawa: anza na lango la maji, uzio utafuata

Anayeingia mara ya kwanza kwenye kazi ya kulinda bwawa dhidi ya ugaidi hutazama ukuta, kisha uzio, kisha kamera. Ukuta ndio kitu kigumu kuliko vyote pale. Mei 1943 jeshi la anga la Uingereza lilibomoa mabwawa ya Möhne na Eder nchini Ujerumani kwa mabomu yaliyobuniwa kwa kazi hiyo tu. Bwawa la Sorpe, ambalo ni tuta la udongo, lilipigwa usiku uleule likabaki limesimama. Ulinzi hulegea zaidi kwenye vitu vinavyoliendesha bwawa: malango ya kupitishia na kuzuia maji, umeme wake, kompyuta zake na watu wenye funguo. Wiki yako ya kwanza itumie huko.

Chora kwenye karatasi njia ya umeme kutoka kwenye gridi hadi kwenye mota ya kila lango: transfoma, jenereta, swichi ya kubadilisha chanzo, paneli, kebo. Ukiona mahali pamoja ambapo pakiharibika malango yote yanakwama, hapo ndipo pesa ziende kabla ya kununua kamera nyingine. Kwenye bwawa la Sayano-Shushenskaya, Urusi, tarehe 17 Agosti 2009, mtambo namba 2 uling'oka, maji yakajaa kwenye ukumbi wa mitambo, umeme wa kituo ukakatika na watu 75 wakafa. Wafanyakazi walipanda hadi juu ya ukuta wakashusha kwa mkono malango ya kuingizia maji. Ile ilikuwa ajali. Lakini lango halijui kama umeme umekatwa na ajali au na adui, na maandalizi ni yaleyale.

Jenereta ipime ikiwa na mzigo. Kuiungurumisha dakika tano kila Jumatatu kunapima betri ya kuwashia, basi. Iache iendeshe lango lenyewe, lifunguke kidogo, baada ya kuwaarifu walioko chini ya mto. Hitilafu za kawaida ni tatu: betri imechoka, mafuta yameingia maji, au swichi ya kubadilisha chanzo imeganda kwa kutotumika. Kisha fungueni lango moja kwa mkono, mkishika saa. Andika mizunguko, dakika na idadi ya watu waliohitajika. Mara nyingi ndipo inagundulika kwamba mpini wa kuzungushia uko stoo iliyofungwa, na mwenye ufunguo yuko likizo.

Upande wa kompyuta, wengi humwogopa mtu wa mbali na kumsahau wa karibu. Mwaka 2000 huko Maroochy, Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi aliyefunga mfumo wa majitaka aliuingilia kwa redio na kompyuta, akamwaga takriban lita 800,000 za majitaka kwenye mito na bustani. Kwa hiyo siku mtu anapoondoka, nywila, kadi na vifaa vya redio virudishwe au vifutwe siku hiyohiyo, na mkandarasi ahesabiwe sawa na mwajiriwa. Njia ya fundi kuingia kutoka mbali iwe na swichi ya kushikika kwa mkono, izimwe muda wote, iwashwe kwa kibali kilichoandikwa kwenye daftari la zamu. Wa mbali naye yupo: mwaka 2013 mdukuzi kutoka Iran aliingia kwenye mfumo wa bwawa dogo la Bowman Avenue, jimbo la New York. Lango lilikuwa limetenganishwa na mfumo kwa ajili ya matengenezo, la sivyo angeweza kuliendesha.

Usiamini skrini peke yake. Tarehe 14 Desemba 2005 bwawa la juu la Taum Sauk, Missouri, Marekani, lilifurika na kubomoka. Vipimo vya maji vilikuwa vimelegea kwenye vishikio vyake, vikasoma kina pungufu. Mtu anayechezea namba atakuletea picha ileile. Dawa yake ni ya bei rahisi: rula iliyopakwa rangi ukutani, isomwe kwa macho kila zamu na ilinganishwe na skrini. Maji yanayopenya kwenye tuta nayo yapimwe kwa wingi na kwa rangi. Yakiwa safi bila udongo ni jambo la kufuatilia. Yakibeba udongo, piga simu hapohapo.

Orodha ya simu za dharura ndiyo karatasi inayooza haraka kuliko zote. Ijaribu kila baada ya miezi mitatu, saa nane za usiku, uone nani anapokea. Ramani ya mafuriko ioneshe maji yatafika kila kijiji baada ya dakika ngapi. Eneo lenye rangi ya buluu pekee halimwambii mtu akimbie saa ngapi.

Halafu muulize mhandisi swali hili, na usikubali jibu la "inategemea": kushusha maji mita moja kunachukua saa ngapi, kwa malango yapi, na wa chini ya mto wataathirika vipi? Bwawa la Peruća, Kroatia, lilitegwa vilipuzi vikalipuka tarehe 28 Januari 1993. Lilipasuka vibaya lakini halikubomoka, kwa sababu ofisa wa Uingereza aliyekuwa na Umoja wa Mataifa alikuwa ameshafungua njia ya maji yanayozidi na kina kikapungua kwa mita kadhaa. Jibu la mhandisi libandikwe ukutani kwenye chumba cha udhibiti, pamoja na jina la mwenye mamlaka ya kutoa amri hiyo usiku.