Betri mpya, gari haliwaki

SWALI: Shikamoo fundi. Nimebadilisha betri mara mbili mwaka huu. Gari likilala siku mbili, stata inalia tik-tik tu. Ninunue ya tatu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue! Inaniuma kuona betri nzima zikitupwa.

Washa injini, upime betri kwa mita. Ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.4, alteneta inachaji, iache. Kwa kuwa yako inakufa gari likiwa limesimama, nashuku kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, fungua waya wa hasi, kisha unganisha mita ya ampea kati ya waya huo na betri. Subiri nusu saa, na stata usiiguse kabisa, utaunguza mita. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ishuke. Umempata mwizi wako.

Gari la jirani yangu lilinisumbua wiki nzima, kumbe taa ya buti ilikuwa inawaka usiku kucha huku buti limefungwa, swichi imekwama. Nawe, kuna redio au king'ora ulichofungiwa karibuni? Anza na fyuzi yake.