Kinachoota kwenye sahani si lazima ndicho kilichoua jani

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilipoteza miezi minne nikichunguza kuvu ambayo haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa na majani ya nyanya yenye madoa meusi. Nikakata vipande katikati ya doa, pale palipokauka kabisa, nikavipandikiza kwenye sahani za maabara zenye agari, rojo lililoganda la kuoteshea vijidudu. Siku ya tatu sahani zimejaa. Nikafurahi kama mtu aliyeokota pochi! Nikaitenga kuvu ile, nikalipia upimaji wa jeni, hata sura ya pili ya tasnifu nikaianza. Nilipokuja kunyunyiza spora zake, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana nazo, kwenye miche mizima, miche ikazidi kunawiri.

Msimamizi hakunikemea. Aliuliza tu, "Majani uliyafunika yabaki na unyevu?" Sikuwa nimeyafunika, na spora nyingi haziingii kwenye jani kavu. Nikarudia, safari hii miche nimeivika mifuko ya plastiki kwa saa 48, na mingine nimeinyunyizia maji matupu ili nilinganishe. Hola.

Katikati ya doa kuukuu ni makaburini. Waliojaa pale ni wala mabaki, nao huota upesi kuliko muuaji. Kata ukingoni, kipande kiwe nusu kigonjwa nusu kijani. Kichovye kwenye klorini iliyozimuliwa, kisuuze mara tatu kwa maji yaliyotakaswa, kisha tone la maji ya mwisho liweke kwenye sahani yake. Likiotesha kitu, hukusafisha vizuri. Na sahani tupu isikuvunje moyo: kuvu wa kutu ya majani na wa ubwiri unga, pamoja na virusi, huhitaji mmea ulio hai, kwenye agari ya kawaida hutaviona.

Masharti ya Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza vijidudu vya magonjwa, tunayakariri kwa ajili ya mtihani: kimelea kikutwe kwenye mgonjwa, kitengwe, kiuguze mzima, kitengwe tena. Ushauri wangu, hilo la tatu lifanye kabla hujatoa hata senti ya jeni.

Mimi jibu nilikuja kulipata kwa njia ya kuchekesha. Nilikata ukingo wa doa bichi, nikauweka kwenye tone la maji chini ya hadubini. Pale kwenye mkato kikatoka kitu kama moshi, kinatiririka taratibu. Bakteria. Miezi minne nilikuwa natafuta kuvu, na kazi yenyewe ilichukua dakika tano.