Kocha Akikwambia Uchague Mchezo Mmoja

Usiku mmoja siku chache zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti aliye mwaka wa kwanza chuoni. "Dada, kocha wa wavu amenipa hadi Ijumaa. Niache riadha au nirudishe jezi. Wewe ulifanyaje?" Nimeusoma mara tatu, na kila nikiusoma naisikia sauti ya kocha wangu mwenyewe, ingawa imepita miaka 11. Nilimjibu kwa kifupi kwamba asikubali wala asikatae chochote kabla hatujazungumza. Jibu refu ni hili. Naliweka hapa kwa sababu najua wengi wenu mna jezi mbili kabatini na hamtaki kuiacha hata moja.

Mimi nilicheza mpira wa wavu na nikaruka juu. Kwenye wavu nilikuwa mshambuliaji wa kushoto, namba nne. Kuruka juu kulinijia bila kukutafuta: mwalimu wa riadha aliniona siku moja nikizuia mpira, akaniuliza kama nimewahi kujaribu upau. Baada ya wiki tatu nilivuka mita 1.55, na wakati huo sikujua hata kuhesabu hatua za mkimbio. Mwaka wa pili nikafika mita 1.71 na kuchukua medali ya fedha kwenye mashindano ya vyuo, siku tisa tu baada ya kucheza fainali ya wavu iliyokwenda seti tano na tukashinda. Pale chuoni hakuna mwingine aliyepata medali mbili za michezo miwili mwaka ule. Nalisema bila haya, maana nililitolea jasho alfajiri na jioni.

Masomo sitayasimulia sana. Nilisoma kwenye basi la timu, nikafeli somo moja, nikalirudia, nikahitimu.

Goti ndilo lenye hadithi. Lilianza kuniuma chini kidogo ya pia ya goti, asubuhi tu, nikishuka ngazi. Likipata joto linanyamaza, kwa hiyo na mimi nikanyamaza. Kocha wa wavu aliona mazoezi yake ni ya kiasi, na kweli yalikuwa ya kiasi. Mwalimu wa riadha naye aliona hivyo hivyo, naye alikuwa sahihi. Hakuna aliyejumlisha. Siku nilipofika kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, aliniuliza swali moja: "Kwa wiki unaruka mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nihesabu wiki nzima. Nikapata zaidi ya 500.

Kisha akanionyesha jambo ambalo hakuna kocha aliyewahi kuniambia. Mrukaji anayeuendea upau kutoka upande wa kulia hujirusha kwa mguu wa kushoto. Mshambuliaji wa wavu anayepiga kwa mkono wa kulia, akiwa hewani mwili humgeuka, na mara nyingi hutangulia kutua kwa mguu huohuo wa kushoto. Kumbe makocha wangu wawili walikuwa wakichota kisima kimoja, na kila mmoja akidhani ana chake! Kano ya goti haijui leo ni wavu au ni riadha. Inajua mzigo tu.

Niliporudi na karatasi ya mtaalamu, kocha wa wavu hakuisoma. Alisimama mbele ya timu nzima akasema, "Hapa tuna wachezaji na tuna wageni." Nilikuwa na miaka 20. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, nazo zilikuwa zimefungwa tayari. Mechi sita zilizofuata nilikaa benchi. Ya saba nilikwenda mwenyewe kumwambia nimeacha kuruka juu, akanirudisha uwanjani siku hiyohiyo. Na goti? Liliendelea kuuma msimu mzima, kwa sababu miruko mingi ilikuwa ya wavu tangu mwanzo. Niliacha mchezo uliokuwa unanidai kidogo, nikabaki na ule uliokuwa unanimaliza, kwa kuwa tu huyu kocha alikuwa na sauti kubwa kuliko yule. Upau uliofuata ungekuwa mita 1.74. Sikuwahi kuujaribu.

Kocha wa wavu alipenda kumtaja Bo Jackson, Mmarekani aliyecheza michezo miwili ya kulipwa, kila akitaka kututisha. Ukimsikiliza utadhani besiboli na mpira wa miguu wa Kimarekani ndivyo vilivyoungana kumvunja. Haikuwa hivyo. Nyonga yake iliumia Januari 1991 katika tukio moja, alipoangushwa katikati ya mechi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, na mchezaji wa mchezo mmoja tu angeweza kuangushwa vilevile. Tena alirudi kucheza besiboli mwaka 1993 akiwa na nyonga ya bandia, na aliweza kurudi kwa sababu alikuwa na mchezo wa pili wa kurudia. Hilo kocha hakulitaja hata siku moja.

Natamani wakati ule ningemjua vizuri Jackie Robinson, mwanamichezo mweusi wa Marekani. Pale UCLA, Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, aliiwakilisha timu ya chuo katika michezo minne: mpira wa miguu wa Kimarekani, kikapu, riadha na besiboli. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani katika kuruka chini, yaani kuruka umbali mrefu. Besiboli ndiyo iliyomwendea vibaya kuliko yote. Msimu wake pale chuoni alipiga wastani wa .097, yaani alifanikiwa kupiga chini ya mara moja katika kila kumi, wastani wa kuonea huruma. Kocha yeyote angemshauri auache mchezo huo kwanza. Mwaka 1947 mchezo huohuo ndio uliomwingiza timu ya Brooklyn Dodgers, na kwa hatua hiyo akawa mchezaji wa kwanza mweusi wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani katika karne ya 20. Basi huyo wa miaka 19 anayelazimishwa kuamua kufikia Ijumaa, ataamua kwa kujua nini?

Kwa hiyo wadogo zangu, hesabuni. Nunua daftari dogo, andika kila siku umeruka mara ngapi, umekimbia kiasi gani, umebeba uzito gani, na goti au bega limeamkaje asubuhi. Daftari liwe moja kwa michezo yote miwili. Chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, NCAA, kimeweka ukomo wa saa 20 kwa wiki wakati wa msimu na lazima siku moja ya kupumzika, na ni jambo jema, lakini saa mbili za kupanga mbinu na saa mbili za kuruka hazilingani. Hesabu miruko. Ukishahesabu, waombe makocha wote wawili wakae meza moja, na mtaalamu wa tiba awepo. Mchezo ulio kwenye msimu uongoze, ule mwingine upunguze. Kama unalipiwa masomo, soma mkataba wako mstari kwa mstari kabla ya kikao, ujue unadaiwa nini na hudaiwi nini. Na usiende peke yako. Mimi nilikwenda peke yangu.

Najua mtaniambia kocha ni mzazi, na mzazi habishiwi. Namheshimu kocha. Lakini heshima haizuii kuweka hesabu mezani, na anayekasirishwa na hesabu usimpe goti lako alilinde.

Jana jioni binti ameandika tena. Mwalimu wa riadha amekubali kikao, na kocha wa wavu amesema atakuja "kusikiliza tu". Ni Alhamisi saa kumi. Amehesabu siku nne mpaka sasa, amefika miruko 287, na ameniuliza kama ile ya kupasha mwili moto nayo inaandikwa. Nimemwambia aiandike.