Maswali na majibu: simu, bando na masomo ya chuo kikuu

Likizo imewarudisha vijana wetu Lamu, na maswali yamekuja pamoja nao. Leo nayajibu manne.

Binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Tangu arudi, simu haimtoki mkononi. Nikimuuliza, asema anasoma. Nimsadiki? (Mama, Faza)

Mama yangu, huenda asema kweli. Siku hizi mwanafunzi hujisajili masomo mtandaoni, matokeo huyaona humo, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huuomba humo, na noti huzipata kwenye kundi la WhatsApp. Lakini simu hiyohiyo ina video fupifupi zinazomla mtu usiku kucha. Usimpekulie. Muulize baada ya chakula: leo umesoma nini? Aliyesoma ataeleza, hata kwa mama asiyeyajua masomo hayo. Aliyepoteza siku atababaika, na hapo mtakuwa na la kuzungumza.

Bando langu la wiki huisha siku ya pili. Nifanyeje? (Langoni)

WhatsApp isijipakulie picha na video yenyewe. Izime kwenye mipangilio. Makundi ya darasa na ya harusi hula bando kimyakimya. Mihadhara ya YouTube itazame kwa ubora wa chini, 144p au 240p, maelezo ya mwalimu utayasikia vilevile. Na kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani, pakua unachohitaji kwa waifai ya chuo.

Naandika mradi kuhusu mikoko ya Lamu. Makala nzuri zataka dola, nyingine sizioni kabisa. (Mwaka wa nne, Matondoni)

Ndugu yangu, swali lako limenigusa. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu. Inauma mtoto wa Lamu akifungiwa nje ya elimu ya miti iliyo mlangoni pake.

Usilipe kwanza. Anza na jina. Wengi husema mikoko kwa jumla, lakini fundi wa majahazi hapo kwenu hachanganyi mkoko na mchu wala mkandaa, na wanasayansi nao hawachanganyi. Kwenye Google Scholar, ukurasa wa Google wa kutafutia makala za kitaalamu, andika majina ya kisayansi: Rhizophora mucronata kwa mkoko, Avicennia marina kwa mchu, Ceriops tagal kwa mkandaa, kisha ongeza neno Lamu. Zile ulizokuwa huzioni zitaanza kujitokeza.

Makala ikidai pesa, fungua hapohapo orodha ya matoleo yake mengine (All versions), iko chini ya jina la makala. Mara nyingi mwandishi au chuo chake kimeweka nakala ya bure. Isipokuwepo, ingia maktaba ya chuo chako kwa neno lako la siri. Vyuo hulipia majarida ambayo wanafunzi wengi hawayagusi. Bado? Mwandikie mtafiti mwenyewe kwa barua pepe. Mistari mitatu yatosha: wewe nani, wasoma wapi, wataka makala gani. Wengi hutuma kwa furaha, maana pesa zile haziwaendei wao.

Ukishasoma, wafuate wakataji wa boriti uwaulize. Wanayajua mengi ya msitu ule ambayo hayajaandikwa.

Niliomba marejeo ya insha kwa ChatGPT. Mwalimu asema vitabu vitatu havipo duniani. Yawezekanaje? (Shela)

Yawezekana sana. Programu hiyo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, hivyo yaweza kutunga kitabu, mwandishi na mwaka, vyote vikafanana na kweli. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na kampuni yao, kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa hivyo. Iombe ikufafanulie somo gumu, au ikuulize maswali kabla ya mtihani. Marejeo yatafute mwenyewe, wala usiorodheshe kitabu usichokifungua. Kwa sasa, mwanangu, mwendee mwalimu kabla hajakuita. Mweleze ulivyofanya, umwombe nafasi ya kuandika upya.